Barua ya wazi kwa viongozi wa timu yetu: woga wa uwanjani unaanzia ofisini

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Katibu Mkuu, wajumbe wa Kamati ya Utendaji, na wewe Mwalimu pamoja na benchi lako la ufundi,

Poleni na majukumu. Nawasalimu kutoka jukwaa la jua. Naandika nikiwa mwanachama mwenye kadi hai, na shabiki niliyeifuata timu hii tangu daraja letu, lile lililo chini ya Ligi Kuu ya Tanzania, lilipokuwa likiitwa Ligi Daraja la Kwanza, kabla halijapewa jina la Championship mwaka 2021. Timu sitaitaja kwa jina. Barua za namna hii husambaa haraka, na sitaki wapinzani wetu waipate ya kututania wiki ya mechi. Ninaowaandikia mnajijua, na mji mzima unawajua.

Mzunguko wa pili umekolea, tuko ndani ya nne bora, na hata mtoto anayeuza karanga getini anaijua hesabu ya kupanda. Timu ya kwanza na ya pili zinakwenda Ligi Kuu moja kwa moja. Ya tatu na ya nne zinachujana, na inayopita inakwenda kupambana na timu ya Ligi Kuu inayopigania kutoshuka. Wakati kama huu mji ulipaswa kuwa kitu kimoja. Kilichopo ni mgawanyiko. Vijiweni, kwenye vituo vya bodaboda, hata msibani wiki iliyopita, swali ni lile lile: tulinde au tushambulie?

Mnajua lilipoanzia. Mechi zetu za nyumbani za karibuni zimekuwa na sura moja. Tunaanza kwa kasi, tunapata bao, tunakwenda mapumziko watu wakiimba. Ikifika dakika ya 60 anatoka winga, anaingia kiungo mkabaji wa pili. Mabeki wa pembeni hawapandi tena. Mstari wa ulinzi unarudi mpaka kwenye kumi na nane yetu, yaani eneo la penalti mbele ya goli, na kuanzia hapo kazi ni kubutua tu. Mpira ukienda unarudi, ukienda unarudi, mpaka wapinzani waliokuwa wamekata tamaa wanapata kona ya tatu, ya nne, na wanasawazisha. Timu zilizotusawazishia namna hiyo hazikuwa vinara wa ligi. Ni timu za nusu ya chini ya msimamo, zilizokuja kwetu zikiomba zisifungwe nyingi.

Wapo wenzetu wanaouunga mkono mtindo huu, na nataka niwatendee haki, kwa sababu si watu wa kubezwa. Wengi ni wazee waliokuwepo misimu ile tulipoikosa Ligi Kuu tukiwa tumeiona kwa macho. Wanasema Championship si ligi ya maua. Unasafiri kwa basi kutwa nzima na usiku, unashuka unacheza kwenye uwanja wenye mabonde, na masika yakiingia mpira haubingiriki, unasimama kwenye dimbwi. Kikosi chetu si kipana. Akiumia beki wa kati mmoja, wa pili anatolewa timu ya vijana. Katika mazingira hayo, wanasema, timu inayofunguka inaadhibiwa, na heri pointi moja mkononi. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia kwamba timu haipandi kwa kupigiwa makofi.

Vijana nao wana yao. Wao wamekulia kwenye vibanda umiza wakiangalia ligi za Ulaya, na mfano wanaoutoa kila siku ni wa daraja la pili la Uingereza msimu wa 2024/25. Nitausimulia kidogo, maana pande zote mbili huutumia na kila upande hukata kipande unachokipenda.

Msimu ule Leeds United chini ya Daniel Farke walifunga mabao 95 katika mechi 46. Burnley chini ya Scott Parker walifunga 69 tu, lakini waliruhusu mabao 16 msimu mzima, na mechi 30 hawakuruhusu bao hata moja. Wote wawili wakamaliza na pointi 100, wote wakapanda, na Leeds wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Vijana wanasema: mnaona, aliyeshambulia ndiye bingwa. Wazee wanajibu: mnaona, aliyelinda alipoteza mechi mbili tu, mshambuliaji wenu akapoteza nne. Na hapo kikao hukatikia kwenye kelele.

Mimi nimeutazama mfano huo mara nyingi na naona kitu ambacho pande zote mbili zinakiruka. Januari 2025 Burnley walitoka suluhu ya 0-0 na Sunderland, wakaokolewa na kipa wao James Trafford aliyepangua penalti mbili katika dakika za nyongeza. Siku chache baadaye wakatoka suluhu tena, na Leeds. Mashabiki wao wenyewe walikuwa wakinung'unika kwamba hakuna mabao, hakuna burudani. Uongozi haukumgusa Parker. Upande wa Leeds, Farke alikuwa amepoteza fainali ya mchujo pale Wembley Mei 2024, bao 1-0 mbele ya Southampton, baada ya kukusanya pointi 90 ambazo miaka mingine zingempandisha. Hawakumfukuza. Sunderland, waliopanda kwa njia ya mchujo msimu huo huo wa 2024/25, walimaliza ligi kwa kufungwa mechi tano mfululizo. Kocha wao Régis Le Bris alibaki kwenye benchi, na wiki chache baadaye wakaifunga Sheffield United 2-1 kwenye fainali kwa bao la dakika ya tano ya nyongeza.

Timu tatu, mitindo mitatu, zote zikapanda. Kilichozifananisha ni kwamba kocha alijua kesho atakuwa kazini. Aliyeamua kulinda alilinda kwa mpango wake, akiwa na mabeki aliowapanga kwa kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Aliyeamua kushambulia hakuacha kushambulia kwa sababu ya matokeo mabaya ya wiki mbili.

Sisi je? Mjini zimezagaa habari kwamba Mwalimu amepewa mechi tatu. Wengine wanasema ni mbili. Kama si kweli, kanusheni hadharani leo. Kama ni kweli, basi msimuulize kwa nini anatoa winga dakika ya 60, kwa sababu jibu mnalo wenyewe. Kocha anayehesabiwa mechi hachezi ili ashinde, anacheza ili asifungwe. Sare inampa wiki nyingine ya mshahara. Kufungwa kunamrudisha kwao. Mtu mwenye familia, aliyeshuhudia wenzake katika daraja hili wakiondolewa kwa ujumbe wa simu, atachagua nini akiwa anaongoza 1-0 na zimebaki dakika 30?

Ndugu viongozi, hili ndilo jambo lililonifanya nishike kalamu. Ule mjadala wa kulinda na kushambulia tunaougombania vijiweni haukuanzia kwenye ubao wa mbinu. Woga mnaouona uwanjani mmeupeleka ninyi, kutoka ofisini. Mnaupeleka kwa vitisho, na mnaupeleka pia kwa miguu, maana sote tumewaona baadhi yenu mkishuka kwenda chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mapumziko. Wachezaji wanayasema wakitoka: kiongozi kaingia kasema tusipoteze. Hakuna aliyewahi kutusimulia kwamba kiongozi aliingia akasema ongezeni la pili.

Na hapo ndipo hesabu inapotuumiza. Zamani ushindi ulikuwa pointi mbili na sare moja, kwa hiyo sare ilikuwa nusu ya ushindi. Uingereza wakaanza pointi tatu mwaka 1981, na FIFA ikaufanya utaratibu wa dunia nzima mwaka 1995, kwa lengo hasa la kuzifanya timu zitafute ushindi. Leo sare ni theluthi ya ushindi. Timu inayotoka sare mechi kumi inapata pointi kumi. Timu inayoshinda nne na kufungwa sita inapata kumi na mbili, ingawa watu wake wamelia mara sita. Wazee wetu wengi walijifunza mpira katika ule utaratibu wa kwanza, na nadhani ndiyo maana sare bado inawaonekea kama mali.

Simaanishi kwamba tufunguke kila mahali. Ligi yetu ina mechi 30, nusu nyumbani na nusu ugenini, na ugenini nakubaliana kabisa na wazee. Ukienda kucheza mkoa wa mbali baada ya safari ya basi, kwenye uwanja usioujua, kaa nyuma ya mpira, vizia, shambulia kwa kushtukiza, chukua pointi yako uondoke. Tukitoka sare sita ugenini, tukashinda tano na kupoteza nne, hizo ni pointi 21. Nyumbani tukishinda 13 na kutoka sare mbili, ni 41. Jumla 62, na timu yenye pointi 62 katika daraja hili inazungumzia kupanda. Lakini geuza mechi tano tu kati ya hizo za ushindi wa nyumbani ziwe sare, na tayari umepoteza pointi kumi. Hatukuzipoteza ugenini kwa wenye nguvu. Tumezipoteza hapa, kwenye nyasi zetu, mbele ya watoto wetu, tukiwa tunaongoza.

Kuna wanaojipa moyo kwamba hata tukimaliza wa tatu au wa nne mchujo upo. Naomba waitazame historia ya karibuni. Mwaka 2023 Mashujaa ya Kigoma iliingia kwenye mchujo na ikapanda kwa kuitoa Mbeya City. Hongera zao, walistahili. Lakini mwaka uliofuata Biashara United ya Mara ilifika hatua hiyo hiyo ikakwamishwa na Tabora United, na mwaka 2025 Stand United ya Shinyanga ikakwamishwa na Fountain Gate. Miaka mitatu, aliyepita ni mmoja. Timu ya Ligi Kuu inayokuja kucheza mchujo imecheza msimu mzima na Simba, Yanga na Azam. Imefungwa sana, ndiyo, lakini imezoea kasi ambayo sisi tutakutana nayo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kujilinda mpaka nafasi ya tatu ni kujipeleka huko kwa hiari.

Halafu lipo suala la tofauti ya mabao, ambalo sisikii likizungumzwa na kiongozi yeyote. Ligi za daraja letu mara nyingi huamuliwa mwishoni na timu zinazobanana kwa pointi. Tukumbuke yaliyotokea mwaka 2016, wakati timu mbili zilizokuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda zilipohitaji mabao siku ya mwisho, moja ikashinda 8-0 na nyingine 7-0 saa ile ile. TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, ilizichunguza, timu nne zikaadhibiwa kwa kupanga matokeo, na Mbao FC ya Mwanza ndiyo iliyopanda. Mwaka mmoja baadaye Mbao hao hao walikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa Tanzania dhidi ya Simba. Mabao ni kama mahindi ya ghalani, yanawekwa wakati wa mavuno. Timu iliyoridhika na 1-0 kila wiki, ikijikuta inahitaji mabao sita siku ya mwisho, inaanza kupata vishawishi ambavyo mtu mwaminifu hapaswi kusogezewa karibu. Mimi nataka tupande kwa mikono safi, na njia ya kujilinda na aibu ile ni kufunga la pili na la tatu sasa hivi, mbele ya watu, kwa jasho.

Najua mtaniambia habari ya KenGold. Walikuwa mabingwa wa Championship mwaka 2024, mji wa Chunya ukasherehekea, na msimu mmoja tu baadaye wakarudi walikotoka. Kwa hiyo, mtasema, kupanda kwa mbwembwe si hoja. Lakini Pamba Jiji walipanda nao siku zile zile, baada ya Mwanza kuisubiri timu yao Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, na wao wakabaki. Kubaki au kushuka kunaamuliwa na usajili, fedha, kambi na utulivu wa uongozi baada ya kupanda. Tukishapanda tutakaa tuyazungumze hayo. Kwa sasa hatujapanda.

Sasa niseme ninachokiomba, na nakiomba kwa heshima.

Mwandikieni Mwalimu barua kwamba yupo mpaka mwisho wa msimu, matokeo yoyote yatakayokuja, na mtangazie wanachama. Isiwe kauli ya redioni ya "tuna imani na kocha", maana hiyo tumeshaizoea na tunajua kinachofuata wiki mbili baadaye. Iwe maandishi yenye sahihi ya Mwenyekiti. Mkishafanya hivyo, mtakuwa na haki ya kumdai mpira wa kushambulia nyumbani, na sisi tutakuwa na haki ya kumzomea akirudi nyuma. Leo hatuna haki hiyo.

Acheni kushuka chumbani wakati wa mapumziko. Mkuu wa msafara akae na msafara, mweka hazina akae na hesabu zake. Chumba kile ni cha wachezaji na walimu wao.

Tazameni upya posho. Kama kweli sare ya nyumbani inalipwa posho ile ile ya sare ya ugenini, basi tunawalipa vijana wafanye kile kile tunachowalaumu nacho. Iondoeni posho ya sare ya nyumbani, fedha hiyo iongezwe kwenye ushindi. Haigharimu klabu senti mpya. Katika dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, mlisajili mawinga wawili wazuri sana, na nawapongeza kwa dhati, kazi ile ilionyesha macho ya mpira. Sasa wanamaliza mechi wakiwa benchi wamejifunika taulo. Mlinunua mishale mkafunga upinde kabatini.

Kwako Mwalimu, maneno machache. Unajua mpira kuliko mimi, na sitakupangia kikosi. Lakini ukiwa nyumbani unaongoza, mwache angalau winga mmoja juu. Mpinzani akiona hakuna mtu wa kumkimbia nyuma yake, anapandisha mabeki wake wote, na hapo kulinda kwenyewe kunakuwa kugumu zaidi. Umeliona hilo mwenyewe, kona zote zile zilianzia pale tulipobaki bila mtu wa kupelekewa mpira. Ukimwacha mmoja tu, mabeki wao wawili watabaki naye, na shinikizo litapungua. Kumwacha winga juu nako ni kulinda.

Na kwa mashabiki wenzangu, kwa kuwa barua hii ni ya wazi na najua mtaisoma: tubishane, lakini tuwaache wachezaji. Wiki iliyopita nilisikia kijana wa miaka 19, beki wetu wa kushoto, akitukaniwa mama yake kwa sababu hakupanda. Hakupanda kwa sababu aliagizwa asipande. Na wale wanaowaita wazee wetu waoga wakumbuke nani alikuwa akichanga nauli ya timu miaka ile tuliyokuwa hatuna hata mdhamini wa maji.

Ndugu Mwenyekiti, Katiba ya klabu inawaruhusu kuitisha kikao cha wanachama bila kusubiri mkutano mkuu. Kiitisheni kabla ya mechi ijayo ya nyumbani, hata kiwe cha saa moja, hata kifanyikie pale pale uwanjani baada ya mazoezi. Njooni na barua ya Mwalimu ikiwa imesainiwa, isomwe mbele yetu. Njooni na jibu la posho. Sisi wa jukwaa la jua tumeshakubaliana kwamba kikao kikiitishwa, wazee wa kulinda na vijana wa kushambulia tutakuja pamoja, na tutanunua tiketi za mechi hiyo siku hiyo hiyo, hapo hapo mlangoni.

Wenu katika timu,
Mwanachama, jukwaa la jua